Kimaasai Katika Kitengela na Kajiado: Historia ya Lugha ya Mwenyeji Iliyogeuka Lugha ya Wachache

Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha za wachache katika Afrika Mashariki aghalabu huanza na mhamiaji. Mtu ameacha kwao, amefika penye watu wasiomwelewa, na hana budi kuchagua ama kuihifadhi lugha yake ndani ya nyumba au kuiacha mlangoni. Ndivyo wanavyoelezwa Wanubi wa Kibera na Kinubi chao, na ndivyo wanavyoelezwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia Oman kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Kielelezo hicho kina manufaa yake, lakini hakitoshi kueleza yaliyokipata Kimaasai katika Kajiado. Huko msemaji hakuhama. Alibaki pale pale alipozaliwa, na lugha yake ikawa ya wachache huku yeye akiwa nyumbani.

Sensa ya 1969 iliwahesabu watu 85,903 katika Wilaya ya Kajiado. Mwaka 1979 walikuwa 149,005. Mwaka 1989 walikuwa 258,659. Na mwaka 1999 walifikia 406,054. Kufikia sensa ya 2019 wilaya ilikuwa imekwisha kuwa kaunti, na watu wake walikuwa 1,117,840. Mji wa Kitengela, uliokuwa na watu 58,167 mwaka 2009, ulikuwa na 154,436 miaka kumi baadaye. Ongezeko la kiasi hicho haliletwi na uzazi peke yake. Limeletwa na watu waliotoka Ukambani, Mkoa wa Kati wa zamani, Nyanza, Magharibi na, zaidi ya kote, Nairobi yenyewe, kila mmoja na lugha ya mamaye.

Sensa hiyo hiyo ya 2019 iliwahesabu Wamaasai 1,189,522 nchini kote. Swali lililoulizwa, hata hivyo, lilikuwa la kabila, si la lugha inayosemwa nyumbani. Mtoto wa Kitengela anayeamkiwa kwa Kimaasai akajibu kwa Kiswahili amo katika idadi hiyo sawasawa na babu yake asiyejua lugha nyingine. Takwimu za namna hii humfariji mtu asiye na haja ya kufarijiwa.

Wahakiki wa fasihi wamelipuuza suala hili kwa kulihesabu kuwa kazi ya wanaisimu jamii. Matokeo yake ni kwamba maneno ya Kimaasai yanayojitokeza katika riwaya za Kenya husomwa kama mapambo, yaani rangi ya mahali, bila kuulizwa yalifikaje kuwa machache hivyo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kimaasai hakikushindwa na lugha iliyokizidi kwa usanii wala kwa wingi wa vitabu. Kilipoteza nafasi yake pale ardhi ya pamoja ilipokatwa vipande vya mtu mmoja mmoja, vipande ambavyo mgeni angeweza kuvinunua bila kujuliana hali na mwenyeji.

Majina yaliyokatwa

Ushahidi wa kwanza umo katika majina ya mahali, nayo ni matini kama matini nyingine. Katika Kimaasai nomino hubeba kiambishi cha jinsia: ol- kwa cha kiume au kikubwa, en- kwa cha kike au kidogo. Enkeju ni mguu. Olkeju ni mto. Mto mrefu ni olkeju oado, na hapo ndipo lilipotoka jina Olkejuado. Karani wa kikoloni aliliandika Kajiado. Kiambishi kilidondoka, irabu zikabadilika, na neno lililokuwa kirai kamili likawa sauti isiyo na maana katika lugha yoyote. La kupendeza ni kwamba baraza la kaunti liliendelea kuitwa Olkejuado hadi serikali za mitaa za zamani zilipovunjwa mwaka 2013, ilhali wilaya ilikuwa Kajiado. Kwa miongo kadhaa ofisi mbili katika mji mmoja ziliandika jina moja kwa tahajia mbili, moja ikifuata sarufi ya wenyeji na nyingine sikio la mgeni.

Nairobi imekatwa zaidi. Enkare Nairobi ni maji baridi, na katika kirai hicho na- ni kirejeshi cha kike kinachoshika upatanisho na enkare. Nomino ilipoachwa, kilichosalia ni sifa isiyo na mwenyewe: 'yaliyo baridi', bila kusemwa ni nini. Ngong ilikuwa enkong'u e muny, jicho au chemchemi ya kifaru. Lilibaki pande la neno la kwanza. Ongata Rongai, ambayo hufasiriwa kuwa uwanda mwembamba, imekwisha kuwa Rongai katika vinywa vya abiria, na vijana wameikata tena ikawa Ronga. Uwanda wenyewe umejengwa magorofa, kwa hiyo huenda kuondoka kwa nomino yake si jambo la kushangaza.

Kitengela nayo ilianza kama kituo kidogo cha biashara kilichojulikana kwa jina la Noonkopir, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Namanga, katika nchi ya Ilkaputiei. Jina hilo limebaki katika shule na mitaa. Mkazi wa leo hulitamka kila siku, naye hana habari kuwa silabi zake za mwanzo ni sarufi. Ukiondoa majina haya, Kimaasai anachokijua mgeni ni maamkio ya sopa, ambayo watalii pia wanayajua, na ero. Neno hili la mwisho ni mwito wa kumwita mwanamume aliye mdogo au mwenzi. Jijini Nairobi limegeuzwa kuwa jina la Mmaasai yeyote anayelinda lango la mtu. Lugha ambayo jirani anachukua kwayo neno la kumwitia bawabu tu imekwisha kupangiwa cheo.

Mgeni aliyejifunza

Hali haikuwa hivi daima. Kabla ya ukoloni, na hata miongo kadhaa baada ya kuja kwake, aliyeingia nchi ya Wamaasai alijifunza Kimaasai. Wakikuyu waliokimbia njaa au waliofuata ndoa na malisho waliingia katika boma la mwenyeji, wakapewa rika na ukoo, na watoto wao wakawa Wamaasai kwa lugha na kwa mifugo. Mwanahistoria Richard Waller, katika kitabu Being Maasai alichohariri pamoja na Thomas Spear mwaka 1993, ameonyesha jinsi utawala wa kikoloni ulivyowaweka watu hawa katika kundi la 'waliopokewa', na jinsi walivyogeuzwa kuwa wageni kadiri ardhi ilivyozidi kuwa haba. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba lugha ilikuwa sehemu ya mapokezi. Malisho hayakuuzwa, yaliingiwa kwa udugu, na udugu hauna budi kusemwa.

Ni sharti ikumbukwe pia kwamba Kimaasai chenyewe kimewahi kuwa lugha ya wenye nguvu. Huko Mukogodo, katika Laikipia, Wayaaku walikuwa wawindaji na warina asali wenye lugha yao ya Kikushi. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 walianza kufuga ng'ombe na kuoana na Wamaasai, na mahari ikawa ya ng'ombe badala ya mizinga ya nyuki. Katika muda wa vizazi viwili hivi waliiacha lugha yao na kushika Kimaasai. Hawakulazimishwa na mwalimu wala na mtihani. Ng'ombe walikuja na maneno yao, na asali ikaondoka na yake. Kwa hiyo anayemlilia Mmaasai wa Kitengela kana kwamba dhuluma ya lugha ilianza naye anaisoma historia kwa jicho moja. Kanuni ni ile ile katika visa vyote viwili: lugha hufuata mali. Tofauti ni kwamba Myaaku alijipatia mali mpya akaacha lugha ya kale, na Mmaasai alipoteza mali na lugha ikapungua pamoja nayo.

Ekari, hati na darasa

Upotevu huo una tarehe. Makubaliano ya 1904 yaliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa la kati na kuwagawa katika hifadhi mbili, ya Laikipia na ya kusini. Yaliandikwa kwa Kiingereza na kufikishwa kwa wazee kupitia wakalimani, yakiwa na ahadi kwamba yatadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwepo. Yalidumu miaka saba. Makubaliano ya 1911 yaliifuta hifadhi ya Laikipia, na kufikia 1913 watu na mifugo walikuwa wamehamishiwa kusini. Kesi ya Ole Njogo, iliyopinga uhamisho huo mbele ya mahakama ya mwaka 1913, ilishindwa. Kwa historia ya lugha, hata hivyo, msiba huu ulikuwa na matokeo yasiyotarajiwa: uliwakusanya wasemaji wa Kimaasai mahali pamoja. Hifadhi ilikuwa dhuluma, lakini ndani yake mtu aliweza kuishi maisha yake yote kwa Kimaasai.

Mpasuko wa kweli ulikuja baada ya uhuru. Sheria ya Ardhi (Wawakilishi wa Vikundi) ya 1968 iliruhusu ardhi ya ufugaji isajiliwe kwa jina la kikundi, na Ilkaputiei walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuundiwa ranchi hizo. Kikundi kilikuwa na daftari la wanachama, wawakilishi na mikutano. Mikutano ilifanywa kwa Kimaasai. Daftari na hati zilikuwa za Kiingereza. Miongo miwili baadaye wanachama walianza kudai migao yao, na ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mara tu baadaye, mwaka 1990, ilipitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, na eneo la Athi River, ambalo wafanyakazi hulitaja kwa herufi zake tatu EPZ, likafunguliwa mlangoni mwa Kitengela. Viwanda vya saruji na machinjio ya Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa 1950, vilikuwa huko tangu zamani. Wafanyakazi walihitaji vyumba, wenye vyumba walihitaji ploti, na ploti ilikuwa sasa na mwenye hati anayeweza kuiuza.

Hapa ndipo lugha ilipoachana na ardhi. Mnunuzi wa ploti hahitaji rika wala ukoo. Anahitaji wakili, mpima ardhi na kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na kwa hao wote Kiswahili na Kiingereza vinamtosha. Mwenyeji ndiye aliyelazimika kujifunza msamiati wa mgeni: ekari, hati, kibao, arubuni. Msamiati wake mwenyewe wa nchi, osupuko kwa nyanda za juu zenye malisho ya kiangazi, olpurkel kwa nyanda za chini zenye joto, ulieleza mwendo wa ng'ombe kati ya mahali na mahali. Uzio haukatazi neno kusemwa, lakini huliondolea kazi. Ni kinaya kwamba nyumbu wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, walipata mtetezi mapema zaidi: mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba ya Kitengela kwa kila ekari isiyozungushiwa uzio wala kuuzwa, ili wanyama wapite. Wanyama walielezwa kuwa hawaishi bila njia. Kuhusu maneno ya njia hizo hapakuwa na mpango.

Shule ilikamilisha kazi iliyoanzwa na ploti. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayosemwa na wengi katika eneo la shule, na mahali penye mchanganyiko kitumike Kiswahili. Kanuni hiyo ni ya busara inaposomwa ofisini. Katika Kitengela maana yake ilikuwa kwamba hadhi ya Kimaasai darasani iliamuliwa na soko la ardhi. Baba alipouza ekari tano zikajengwa nyumba za kupangisha, alikuwa pia, bila kukusudia, anapiga kura kuhusu lugha ya darasa la mwanawe. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani, jambo lililokuwa ushindi mkubwa kwa Kiswahili. Mtaala wa umilisi wa 2017 ulizirudisha lugha za kiasili katika gredi tatu za mwanzo, lakini bado kwa kigezo kile kile cha eneo la shule. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaiamuru Dola iendeleze na kulinda lugha anuwai za watu wa Kenya. Kifungu hakisemi lolote kuhusu lugha iliyozidiwa idadi katika tarafa yake.

Kiswahili, basi, hakimo nje ya kesi hii, ingawa watetezi wake hupenda kukiona kama mwathiriwa wa Kiingereza tu. Katika Kitengela ndicho kilichomwezesha Mluo kununua maziwa kwa Mmaasai na Mkamba kumuuzia mahindi, na kwa sababu hiyo hiyo ndicho kilichomwondolea kila mmoja haja ya kujifunza lugha ya mwenyeji. Ikilinganishwa na upande wa pili wa mpaka, lawama zote haziwezi kutupiwa shule. Ng'ambo ya Namanga, katika Longido, shule ya msingi imefundisha kwa Kiswahili tangu 1967 na Kimaasai hakina nafasi rasmi darasani. Hata hivyo Kimaasai ndicho lugha ya kila siku ya nchi ile, mnadani na nyumbani, kwa kuwa malisho yamebaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa vijiji. Vivyo hivyo katika Kajiado yenyewe: katika mnada wa mifugo wa Bissil, kusini mwa makao ya kaunti, asiyejua Kimaasai hununua ng'ombe kwa hasara.

Kimaasai katika maandishi

Kuhusu maandishi, Kimaasai hakikukosa waandikaji. Kilikosa wasomaji waliokusudiwa. Krapf alichapa orodha ya maneno mwaka 1854, na Hollis kitabu chake kikubwa mwaka 1905, vyote kwa ajili ya Wazungu. Kisa cha John Tompo ole Mpaayei kinasikitisha zaidi kwa kuwa yeye alikuwa mwana wa lugha. Kitabu chake Inkuti Pukunot oo Lmaasai, maelezo ya baadhi ya mila za Wamaasai, kilitoka London mwaka 1954, mwaka mmoja kabla ya sarufi aliyoiandika pamoja na Tucker. Hiyo ni nathari ya Kimaasai iliyoandikwa na Mmaasai, lakini ilitolewa katika mfululizo wa matini za Kiafrika zilizofafanuliwa kwa ajili ya wanaisimu. Mtoto wa Kajiado hakuwamo katika hesabu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 tawasifu ya Justin Lemenye, Mmaasai aliyepitia misheni, ilichapishwa kwa Kiswahili. Ukiacha tafsiri ya Biblia nzima, iliyokamilika 1991, msomaji wa Kimaasai alikuwa na machache ya kusoma. Masimulizi aliyoyakusanya Naomi Kipury mwaka 1983 yalimfikia msomaji wa kawaida kwa Kiingereza.

Mwandishi mkuu wa jamii hii, Henry ole Kulet, aliyezaliwa Narok mwaka 1946 na kufariki 2021, aliandika riwaya zake zote kwa Kiingereza, kuanzia Is It Possible? ya 1971. Kumpima kwa mizani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyegeukia Gĩkũyũ katika riwaya mwaka 1980, si haki. Uamuzi wa Ngũgĩ ulikuwa na ujasiri wake, lakini uliegemea lugha yenye wasemaji mamilioni na jamii iliyozoea kusoma kwa lugha hiyo. Kulet hakuwa na hadhira ya aina hiyo kwa Kimaasai. Alichofanya ni kukificha ndani ya Kiingereza. Katika Blossoms of the Savannah ya 2008, ngariba haitwi ila enkamuratani, na mabinti wa Ole Kaelo waliokulia Nakuru hutupiwa jina la intoiye nemengalana, wasichana wasiotahiriwa. Hawa mabinti ni watoto wa mji wa lugha nyingi wanaorudishwa Nasila, na maneno yasiyotafsirika kwa urahisi ndiyo yanayowapokea kabla ya watu. Tusi linabaki katika Kimaasai kwa sababu Kiingereza kingelilainisha.

Mfano ulio bora zaidi ni Emakererei. Ndilo jina la utani la Minik, mwanamke msomi anayewatetea wasichana, na limetokana na Chuo Kikuu cha Makerere. Jamii ya riwaya hii imelichukua jina la chuo cha kigeni, ikalivika kiambishi cha kike, na kulifanya la mtu wao, kama Kimaasai kilivyofanya esukuul na embuku. Ni kinyume kabisa cha yaliyoipata Olkejuado. Huko kiambishi kilivuliwa; hapa kinavishwa. Wahakiki waliojishughulisha na dhamira ya tohara, dhamira nzito isiyoweza kupuuzwa, wamelipita jina hili kama kichekesho. Miongoni mwa wanaolitamka wamo maadui wa Minik wanaokusudia kumkejeli. Sarufi yao, hata hivyo, inamkubali.

Kuanzia mtihani wa KCSE wa 2018 riwaya hii ilikuwa kitabu cha lazima kwa watahiniwa wa nchi nzima. Wanafunzi wa Kitengela waliisoma pamoja: Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mkisii na Mmaasai, katika kipindi cha Kiingereza. Kwa wengi wao hayo ndiyo maneno ya Kimaasai ya kwanza kuandikwa ubaoni mbele yao, katika mji uliojengwa juu ya malisho ya Ilkaputiei. Mwalimu ambaye lugha yake ya kwanza ni nyingine huyasoma kwa kadiri ya uwezo wake, akiweka mkazo pasipo pake. Mwanafunzi wa Kimaasai huwa na hiari ya kumsahihisha au kunyamaza, na kumsahihisha kunahitaji awe bado anajua.